Baraza la Madiwani na fatwa niliyoitoa bila ujuzi



Ndugu msomaji, leo nataka kuzungumzia kikao cha Baraza la Madiwani. Tena si kikao cha ugomvi, cha watu kurushiana maneno na polisi kuitwa. Nazungumzia kikao cha kawaida kabisa cha robo mwaka, ambacho magazeti hayakiandiki na redio hupitisha kwa sentensi mbili. Najua wapo watakaouliza, dini na makabrasha ya madiwani wapi na wapi? Nawaomba wanisubiri, kwa sababu jambo nililolipata katika kikao hicho ni la dini, na linanihusu mimi mwenyewe kwa kosa nililolifanya mbele ya Allah na mbele ya mama mmoja wa hapa Kashai.

Ilikuwa mapema mwaka 2023. Sikwenda Manispaa kwa ajili ya Baraza. Nilikuwa nimetumwa na wazee wa msikiti kufuatilia karatasi za kiwanja cha madrasa, na afisa niliyekuwa namhitaji alikuwa ndani ya ukumbi, maana siku ya Baraza wakuu wa idara wote hukaa humo tayari kujibu hoja. Nikaambiwa, ukitaka kumwona subiri, au ingia usikilize, kikao hiki kiko wazi kwa wananchi. Nilishangaa. Nimesoma mpaka chuo kikuu, nimefundisha miaka, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mwananchi yeyote anaweza kuingia na kukaa akisikiliza mambo ya mji wake yanavyoamuliwa. Huruhusiwi kusema, lakini kusikia ni haki yako.

Niliingia. Mstahiki Meya mbele na mkufu wake, Mkurugenzi pembeni kama katibu, madiwani ndani ya majoho, kila mmoja na kabrasha zito kama Sahihi Bukhari juzuu mbili. Viti vya wananchi vilikuwa vitupu. Tulikuwa mimi, waandishi wa habari wachache, na mzee mmoja aliyekuwa akisinzia. Nikaikumbuka aya ya 11 ya Surat Mujadala, ambamo waumini wanafundishwa kuwapa wenzao nafasi katika mabaraza wanapotakiwa kusogea. Hapo nafasi ilikuwa tele. Watu ndio hawakuwepo.

Si kwamba sisi wa Bukoba hatulijui Baraza letu. Wenye kumbukumbu watakumbuka mgogoro uliowakutanisha aliyekuwa Meya, Anatory Amani, na aliyekuwa Mbunge, Khamis Kagasheki, juu ya miradi ya Manispaa, ukiwemo wa soko kuu. Agosti 2013 madiwani 8 wa CCM walivuliwa uanachama na chama chao mkoani, kisha ngazi ya taifa ikautengua uamuzi huo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akaletwa kukagua, na Januari 2014 ripoti yake ikasomwa hapa hapa Bukoba. Siku zile hapakuwa na meza ya kahawa isiyokuwa na mtaalamu wa mambo ya Halmashauri. Kila mtu alijua akidi ni nini. Ugomvi ulipokwisha, na sisi tukaondoka. Tulikuwa tumefuata ugomvi. Vikao vya kawaida, vile ambavyo ushuru wa mama zetu hujadiliwa humo, tukawaachia wenyewe na makabrasha yao.

Basi kikao kikaanza. Dua, kisha kuthibitisha ajenda, kisha kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Ukurasa kwa ukurasa! Diwani mmoja anasimama kusema ukurasa fulani jina la mtaa limekosewa herufi. Mwingine anasema alichangia hoja na mchango wake haukuandikwa. Nilitazama saa. Nikasema moyoni, Ya Rabbi, watu wazima wanagombea herufi.

Kisha nikajizuia. Kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inazungumzia nini? Haizungumzii jihadi, wala Pepo na Moto. Ni aya ya 282 ya Surat Baqara, na inazungumzia kuandika deni: aandike mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Mimi aya hii nimeihifadhi na nimeifundisha mara nyingi. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaiona ikifanyiwa kazi na watu ambao wengi wao si Waislamu, huku mimi mwalimu wake nikitazama saa.

Baada ya muhtasari wakaingia kwenye yatokanayo. Kwa asiyejua, hapa ndipo kila ahadi iliyotolewa kikao kilichopita inaulizwa: imetekelezwa au haikutekelezwa, na kama bado, kwa nini? Ahadi isiyotekelezwa haifutwi, inabebwa mpaka robo inayofuata. Yakapita ya taka, ya madawati, ya zahanati. Diwani mmoja akalalamikia barabara ya kwake, akajibiwa kwamba barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu Julai 2017, kwa hiyo afikishe hoja huko. Nami nikakumbuka mara ngapi tumempigia kelele mwenyekiti wetu wa mtaa juu ya kalavati, maskini ya Mungu, naye hana hata koleo.

Ndipo ikasomwa taarifa ya mikopo ya asilimia 10. Msomaji akasema kwa sauti ile ile ya kuchosha: taarifa ya utoaji wa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Isiyo na riba. Nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Mwaka 2021, katika darsa la akina mama tunalolifanya baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja alinyoosha mkono. Ni mzazi wa mwanafunzi wangu, anauza samaki wa kukaanga na ndizi kando ya njia. Akauliza, "Ustaadh, wenzetu wamenialika kwenye kikundi tuombe mkopo wa Manispaa. Kwa dini yetu inafaa?" Mimi sikumuuliza mkopo huo una masharti gani. Sikumwambia ngoja nikaulize. Nilijibu hapo hapo, kwa kujiamini kwa mtu mwenye shahada, kwamba mikopo yote hii ya Serikali na mabenki ina riba, na riba ni vita na Allah na Mtume wake, nikamsomea na aya. Mama akasema, "Basi Ustaadh, nimesikia." Akakaa.

Nilichokuwa nacho kichwani ni habari za zamani. Ni kweli miaka ya nyuma mikopo ya halmashauri kwa vikundi ilikuwa na riba, na masheikh waliowazuia watu wakati ule walisema kweli. Lakini mwaka 2018 Bunge liliongeza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kila halmashauri ikatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo isitozwe riba. Kanuni zake zikatoka mwaka 2019. Yaani nilipokuwa nikimjibu yule mama, riba niliyokuwa nikimtisha nayo ilikuwa imekwisha kuondolewa kwa sheria ya nchi. Anachokopa kikundi ndicho anachorejesha. Na taarifa yake ilikuwa ikisomwa kila robo mwaka, mlango wazi, viti vitupu.

Na tafakari hili, ndugu msomaji. Mapato ya ndani ni nini? Ni pamoja na ushuru na leseni. Ule ushuru ambao mama huyu anatoa kwa ajili ya biashara yake unaingia humo. Katika kila shilingi 100 anazochangia yeye na wenzake, shilingi 10 zilitengwa zikopeshwe bila riba kwa watu kama yeye. Ni fedha yake. Mimi ndiye niliyesimama katikati, nikiwa na msahafu mkononi, nikamwambia haramu.

(Wapo watakaouliza, vipi kuhusu leseni za vileo, maana nazo zimo katika mapato hayo hayo? Swali ni zuri, na wanachuoni wamelizungumza suala la mali iliyochanganyika. Linataka makala yake, na safari hii sitajibu kabla ya kusoma.)

Nini kilimpata yule mama? Mtaji ulipokatika, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa amemfungia mlango wa halali, shida ikampeleka kwenye mlango mwingine. Alichukua laki tatu kwa mkopeshaji mmoja wa mtaani, ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Laki tatu arejeshe laki tatu na tisini ndani ya mwezi, na akichelewa zinaongezeka. Alichelewa. Walikuja wakachukua jiko la gesi, sufuria kubwa mbili na godoro. Haya yalitokea wiki chache kabla ya siku ile niliyoingia ukumbini, na binti yake alikuwa amekosa shule siku nne. Nilipomuuliza sababu, aliinama tu. Nilimkaripia kwa utoro.

Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa pale, nilijua vizuri jiko lile la gesi lilichukuliwa na nani. Mkopeshaji alilibeba, lakini njia niliionyesha mimi.

Kuna hadithi ameipokea Abu Dawud kutoka kwa Jabir (r.a.). Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe akapasuka kichwa. Usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaoni ruhusa kwake ilhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akasema kwamba wamemuua, na akahoji kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza. Hawakuwa watu wabaya wale. Walikuwa wanaijali swala. Walitaka dini ishikwe sawasawa. Na pamoja na yote hayo, Mtume (s.a.w.) hakuwapa udhuru wa nia njema.

Tunaifundisha hadithi hii katika mlango wa tohara, tunazungumza bandeji na tayamamu, tunafunga kitabu. Lakini sisi walimu ni wangapi tunaojibu maswali ya mikopo, bima, vikoba, Saccos na miamala ya simu kwa habari tulizozisikia tukiwa wanafunzi? Muulizaji anakuja na jeraha lake, anatuamini, nasi tunamwambia oga. Katika aya ya 116 ya Surat Nahl Allah (s.w.) anakataza ndimi zetu kutamka tu kwamba hili halali na hili haramu, na kuliita kufanya hivyo ni kumzulia Yeye uongo. Tunaitumia sana aya hii kuwapinga wanaohalalisha. Inawahusu vile vile wanaoharamisha.

Baada ya kikao, karatasi za kiwanja nilizisahau. Kesho yake nilikwenda ofisi ya kata nikamtafuta Afisa Maendeleo ya Jamii, ambaye ndiye anayeshughulikia vikundi hivi. Nikamuuliza kila kitu: kuna gharama ya fomu, kuna ziada yoyote, kikundi kikichelewa kinatozwa nini? Akanieleza kwa utulivu. Nilipomaliza akaniuliza, "Ustaadh, mbona akina mama wa msikitini kwenu hawaji? Nilidhani mna mfuko wenu." Sikuwa na la kumjibu. Mfuko wetu! Tunachangishana mpaka maji ya udhu.

Nilipowaambia wazee kwamba nataka kusimama kwenye darsa na kutangaza kuwa nilikosea, mmoja wao hakukubali. Alisema, "Mwanangu, mwalimu akianza kusema nilikosea, kesho watakuuliza na swala zao. Wewe waambie tu kuwa mambo yamebadilika." Ni mzee ninayemheshimu sana, na nia yake ilikuwa kuilinda heshima ya elimu. Lakini mambo hayakuwa yamebadilika baada ya kauli yangu, yalibadilika kabla. Nilimkumbusha kwa adabu usia mashuhuri wa Umar (r.a.) kwa Abu Musa al-Ash'ari juu ya hukumu: kwamba uamuzi ulioutoa jana usikuzuie kurudi kwenye haki ukishaiona leo. Mzee akasema, "Haya, fanya unavyoona."

Nilisimama. Nilisema kwamba mwaka 2021 niliulizwa na nikajibu bila ujuzi. Sikumtaja mama, lakini wote walimjua, na yeye alikaa akitazama mkeka. Nikaeleza sheria ilivyo na utaratibu wa kusajili kikundi. Akina mama wakaanza kujipanga, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakaandika na katiba.

Kisha, Aprili 2023, Serikali ikatangaza bungeni kusimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu upitiwe upya, kwa sababu ripoti za CAG zilionyesha mabilioni ya shilingi hayajarejeshwa na baadhi ya vikundi kuwa hewa. Mama mmoja katika darsa, mwenye ulimi mwepesi, aliniambia, "Ustaadh, kumbe ulitufungulia mlango siku ambayo wenyewe wanafunga." Wote walicheka, nami nikacheka nao. Usiku sikulala vizuri.

Hapa pana jambo jingine la sisi Waislamu kujitazama. Vikundi hewa vile vilipataje fedha? Majina yalipita kwenye mtaa, yakapita kwenye kata, taarifa ikaingia kwenye kamati, kisha ikasomwa Barazani. Katika kila hatua ilihitajika macho ya mtu anayewajua watu wa mtaa wake, aseme huyu simjui, kikundi hiki hakipo. Sisi tunaowazika maiti wa mtaa na kuwatembelea wagonjwa tunamjua kila mtu nyumba kwa nyumba. Hakuna ofisi yenye daftari zuri kuliko kumbukumbu za imamu na wazee wa msikiti. Daftari hilo tunalitumia kwa michango ya maziko na futari tu. Kwenye mkutano wa mtaa, ambako tofauti na Barazani mwananchi ana haki ya kusimama na kusema, utatukuta wangapi? Tunasema hiyo ni siasa. Basi wakati tunajiepusha na siasa, fedha ya wajane ilikuwa ikigawiwa kwa watu wasiokuwepo.

Nasikia hoja ya wanaosema kwamba mfumo huu si wa Kiislamu, kwa hiyo kukaa katika vikao vyake ni kupoteza wakati. Sitaki kuidharau, wapo wanaoisema kwa ikhlasi. Ila nawauliza: ushuru mnalipa, leseni mnakata, taka zenu zinabebwa na gari la nani? Mmekwisha kuingia. Kilichobaki ni kama mtakuwa ndani mmelala au mko macho. Na Mtume (s.a.w.) aliyetufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani hakuweka sharti kwamba njia iwe ya Waislamu peke yao.

Mikopo ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya wenye ukaguzi mkali zaidi. Kikundi cha akina mama wetu kikawasilisha maombi yake. Yule mama hakuingia. Nilimfuata nyumbani, nikamwomba msamaha kwa mara nyingine, nikamweleza kuwa sasa ni salama. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea kahawa, akasema, "Ustaadh, mimi nimekusamehe siku nyingi. Lakini deni silitaki tena, la halali wala la haramu. Nitauza kidogo kidogo." Ameanza upya kwa jiko la mkaa. Sikumlazimisha. Nimekwisha kumshauri mara moja, inatosha.

Ila kuna jambo analifanya. Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu wa kuhudhuria kikao cha Baraza kila robo mwaka ninapopata ruhusa kazini, na nikikosa humwomba kijana mmoja wa darsa aende na daftari. Alhamisi inayofuata tunasoma tulichokiandika, kama dakika 20, kabla ya kuendelea na fiqhi. Mwanzoni watu walipiga miayo. Yule mama hukaa nyuma kabisa, na maswali magumu yote hutoka kwake. Alhamisi iliyopita aliuliza, vikundi vilivyokopa zamani na havikurejesha hapa kwetu ni vingapi, na je, majina yao yalisomwa Barazani au ilisomwa jumla tu?

Nilifungua daftari. Nilikuwa nimeandika jumla tu. Nikamwambia sijui, nitauliza.